Shamba Lililokaa Matanga

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu pale ofisini Randburg, Byamungu alinifuata mpaka kwenye lifti akasema, "Mama Riziki, usiondoke na kichwa chote. Tuachie kidogo." Nilimjibu kwamba kichwa chenyewe kimebaki maumivu tu, lakini neno lake lilinikaa. Basi niko hapa Malvern, dirishani kwangu, chini wauza nyanya wa Jules Street wanagombania kivuli, nami nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye meza ya Kiswahili. Habari za mshahara sitazigusa kwa sababu zinanipandisha presha. Vyeo sikupata vya kusimulia. Nitawaeleza kazi yenyewe, na hasa ile baridi ya mwaka wa korona.

Mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa Uvira hivyo, nikafika Johannesburg hivyo, na nimestaafu hivyo hivyo. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, nikiteremka ngazi narudi tena kuangalia jiko. Ofisi nzima ilinicheka kwa hilo. Lakini kazi ya ukaguzi wa mashamba inamtaka mtu wa namna hiyo, ila tu haimwachi alale.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Niliambiwa ni ofisi ya kilimo, nikasikia ofisi, kilimo sikukisikia. Walinichukua kwa sababu ya lugha. Vipande vya ardhi kule kusini, lami inapoishia, vilikuwa vimejaa wakulima wa mboga kutoka Burundi na kwetu Kongo, na hakuna mtu pale ofisini aliyeweza kuzungumza nao zaidi ya kusema "sharp" na kuinua kidole gumba. Nilikabidhiwa kwa Mma Seipati, Msotho mnene mwenye sauti ndogo, aliyekuwa ameizunguka mikoa yote ya mboga kabla sijajua hata kuna mboga. Alinitazama miguu, akaenda nyuma ya pikapu, akanirushia gambuti za mwanamume. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu.

Mengine nilijifunza nikiwa naye njiani. Egesha gari likiwa limeelekea getini, kwa sababu mbwa wa mashambani hawasomi beji. Piga honi, ngoja, usifungue geti la mtu kwa mkono wako. Chai ukipewa unakunywa hata kama inanuka moshi. Na anza na habari za nyumbani, maswali ya shamba hayakimbii. Mma Seipati angeweza kukaa juu ya kreti akiuliza habari za watoto mpaka mimi nawaza kuwa jua litatuzamia pale pale. Kisha angeinuka, akatembea shambani mara moja tu, na alikuwa ameshajua kila kitu.

Vifaa vyetu vilikuwa tepu ya kupimia, chupa ya maji na kofia. Baadaye ndipo zikaja tableti. Asha, Mtanzania wetu, anaiita kishikwambi, na mimi kila siku namwambia jina hilo lina heshima kuliko kitu chenyewe. Tableti ile iliuliza swali moja lililonizeesha: Je, shamba linalimwa? Chini yake kuna visanduku viwili, ndiyo na hapana. Halafu inataka picha ya mkulima akiwa shambani, uso wazi, halafu unabonyeza Tuma. Ukishatuma hakuna kurudi.

Tuliona mengi na kifaa hicho. Kuna bwana mmoja aliazima nguruwe wa jirani ili tumhesabu kuwa mfugaji. Tukiwa bado kwenye chai nguruwe wakaamka, wakapita mbele yetu kwa mstari, wakarudi kwao kula. Yule bwana akasema wanapenda matembezi. Mma Seipati alimaliza chai yake taratibu, akamshukuru, na tulipofika kwenye gari ndipo akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Mwaka uliofuata alistaafu, nikabaki na pikapu na wasiwasi wangu.

Ndipo ikaja korona. Masoko yalifungwa, wachuuzi wakafukuzwa barabarani, mboga zikaoza mashambani. Serikali ikatangaza msaada kwa wakulima wadogo. Haukuwa pesa mkononi, ulikuwa vocha ya kuchukulia mbegu, mbolea au chakula cha kuku kwenye duka la pembejeo. Wengi walinuna, lakini mkulima asiye na mbegu hana la kunung'unikia. Shida ilikuwa kitambulisho. Vocha ilikuwa ya wenye kitambulisho cha nchi hii, na watu wetu wengi wana karatasi za ukimbizi tu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwapigia simu na kuwaambia, kwa Kiswahili, kwamba hapana. Nilikuwa namaliza, na mtu wa upande wa pili ananishukuru. Hiyo shukrani ilinichoma kuliko matusi.

Wenye kitambulisho walikuwa wa kuhesabika, na miongoni mwao alikuwa Mzee Zakaria, Mrundi, na mkewe, Mama Ornella. Walikuwa wamekaa nchi hii miaka mingi hadi wakapata uraia, na walikuwa wamekodi shamba lile lile tangu binti yao Ornella yuko shule ya msingi. Spinachi, vitunguu, lengalenga, ndiyo mchicha. Wanawake wa hapa Malvern na wa katikati ya jiji walikuwa wanafuata mafungu yao huko huko. Mzee Zakaria alikuwa haongei, mkewe aliongea kwa niaba ya wote wawili, na nilipenda kwenda kwao kuliko shamba jingine lolote.

Mzee Zakaria alishikwa na kikohozi, akapelekwa hospitali, hakurudi. Walimzika watu wachache waliosimama mbalimbali kama hawajuani. Ofisi ilikubali ombi la vocha lihamie kwa mkewe, ikabaki ukaguzi tu. Nikapangiwa mimi.

Nilifika asubuhi yenye baridi kali, nyasi nyeupe kwa barafu. Nilipiga honi, nikangoja, na nikiwa nangoja nikalitazama shamba kwa juu ya geti. Moyo ulinishuka. Spinachi imetoa maua, imekauka imesimama. Pale vitunguu vilipokuwa vinapandwa kila baridi palikuwa na vishona nguo vitupu, yale magugu yanayonata kwenye nguo. Hakuna tuta, hakuna udongo ulioguswa. Kisha nikayaona majembe yamelazwa chini kando ya ukuta wa nyumba, yamefunikwa gunia. Nikajua. Niliomba Mungu niwe nimekosea, lakini nilijua.

"Karibu, Mama Riziki," Mama Ornella alisema. Alikuwa amekonda. "Usitazame huko, njoo unywe chai kwanza."

"Pole sana, dada yangu."

"Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa. Tulikaa nje, mbalimbali, barakoa zetu zimeshushwa kidevuni kwa ajili ya vikombe. Nikamuuliza habari za nyumbani, na habari za nyumbani ndizo zilizokuwa majibu ya shamba.

"Bado mko kwenye matanga?"

"Bado. Shemeji hajaja kuyaanua."

Kwa wale mliokulia mjini, nieleze. Kwao Burundi, na hata kwetu milimani juu ya Uvira nilikuta wazee wanashika hivyo, nyumba ikifiwa jembe linalala. Hakuna mtu wa nyumba hiyo anayepiga udongo mpaka mkubwa wa upande wa marehemu aje, watu wakae pamoja, wanywe pamoja, naye atamke kwamba yameisha. Anayetangulia kulima wanasema anawachimbia watoto wake kaburi. Watu wamesoma, wameokoka, wana simu kubwa mkononi, na jambo hilo hawalichezei. Mkubwa wa upande wa Zakaria alikuwa kaka yake, Mzee Gaspari, fundi cherehani kule Durban. Na barabara za kutoka jimbo kwenda jimbo zilikuwa zimefungwa. Kibali cha kusafiri kwenda kuzika kilikuwepo. Cha kwenda kuanua matanga hakuna polisi aliyewahi kukisikia.

"Na mwenye ardhi?" nikauliza.

"Amepita juzi. Anasema msimu wa vitunguu ukipita hapa patupu, atawapa watu wa kuotesha majani ya bustani. Majani, Mama Riziki. Ya kukanyaga." Alizungusha kikombe mkononi. "Na hata angetuvumilia, mbegu sina. Tulivyokuwa navyo vimekwenda kwenye mazishi. Ni hiyo vocha au hakuna."

Ornella alitoka ndani akiwa amevaa sare ya supamaketi alikofanya kazi ya kupokea malipo. Alisimama mlangoni, akazungumza na mimi ili mama yake asikie. "Anti, mwambie wewe. Eish, ni udongo tu. Papa angekuwepo angelima."

"Baba yako alikaa msimu mzima bila kushika jembe kwa ajili ya mama yake," Mama Ornella alisema bila kugeuka. "Hapa hapa. Watu wakamcheka. Usimtilie maneno mdomoni."

"Lakini mimi ndiye mtoto unayeniogopea. Na mimi nimesema lima."

"Ndiyo maana silimi."

Ornella aliinua mikono, akaenda kupanda teksi. Nikauliza kama majirani wangeweza kulima kwa niaba yake. Mama Ornella akasema jirani akilima, kisha yeye akavuna, ni sawa na kulima mwenyewe, watu wa Zakaria si wajinga. Nikaishika tableti magotini. Je, shamba linalimwa? Nikibonyeza ndiyo, nimesema uongo, na nyuma yetu walikuwa wanakuja wakaguzi wengine na picha zetu mkononi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshafukuzwa kwa mashamba hewa. Nikibonyeza hapana, jina lake linaanguka na halina njia ya kurudi. Sikubonyeza kitu. Nilimwambia nitarudi kabla ya Ijumaa, siku ambayo mfumo ungefungwa, nikaondoka na vishona nguo vimejaa kwenye suruali.

Mkuu wetu wakati ule alikuwa Bwana Mokoena. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa visanduku. "Mama Riziki, linalimwa au halilimwi?"

"Limepumzika."

"Hakuna kisanduku cha kupumzika."

"Najua, bwana. Nimekitafuta."

"Basi una mpaka Ijumaa. Na tafadhali usiniletee picha ambayo nitaulizwa."

Siku hizo sikula vizuri. Nilikuwa nachemsha maharage, nayaacha. Niliwaza kama mimi ni mjinga kuliweka moyoni jambo la mtu mwingine, halafu nikamwona Mama Ornella akizungusha kikombe, nikaona majani ya bustani yamekunjwa kama mikeka pale vilipokuwa vitunguu vya Zakaria. Jumanne nikachukua namba ya Mzee Gaspari kwa Mama Ornella, nikampigia.

Nilimwamkia, nikampa pole, nikamweleza yote: vocha, Ijumaa, mwenye ardhi. Nikamwomba aanue matanga kwa simu.

"Matanga hayaanuliwi kwa simu," alisema.

"Mzee wangu, barabara zimefungwa."

"Zitafunguliwa." Akanyamaza kidogo. "Nitakuja mwenyewe. Ni mdogo wangu." Akanyamaza tena. "Nitakuja."

"Na shamba je?"

Akakata. Alikuwa anasema maneno machache machache, anaacha, anaendelea, nami nikadhani ni yale majivuno ya wakubwa wa ukoo wanaopenda usubiri sentensi zao. Hasira zilinipanda. Nililiambia sufuria la maharage maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Alhamisi mchana, nikiwa mezani, Mama Ornella alipiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kuamini. "Shemeji amepiga mwenyewe. Anasema tukae leo, saa kumi. Anataka awepo mtu wa nje asikie. Nimekutaja wewe."

Nilifika mapema, nikasimama getini nikijisemea kwamba mtandao utakata, umeme utakatika, mzee atabadili mawazo. Simu iliwekwa juu ya kreti lililogeuzwa, sauti imefunguliwa. Mama Ornella alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Ornella aliomba ruhusa kazini, naye alikuwa pale. Majirani wawili Warundi walisimama upande wa pili wa ua, barakoa usoni. Kwa desturi wangekunywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja, lakini hawa walikuwa walokole na ugonjwa ulikuwa ugonjwa, kwa hiyo kila mtu alishika chupa yake ya soda ya machungwa.

Mzee Gaspari alianza kwa Kirundi, kisha akahamia Kiswahili ili mimi nisikie na ili Ornella asiseme kesho kwamba hakuelewa. Kati ya maneno yake tulisikia kitu kinafoka, kinanyamaza, kinafoka.

"Nilitaka kuja," alisema. "Sitakuja. Niko hospitali. Kuna binti muuguzi hapa, ananishikia simu. Mungu ambariki."

Mama Ornella alifunika mdomo. Hata yeye hakuwa anajua. Ile siku niliyompigia mimi, alikuwa anatafuta pumzi.

"Zakaria tumemlilia. Wengine tumemlilia mbali, lakini tumemlilia. Matanga yake yameisha. Mmenisikia wote?"

Tukasema tumesikia. Majirani nao wakaitikia kutoka uani.

"Mke wa mdogo wangu. Inua jembe."

Mama Ornella alitaka kuinuka, sauti ikamzuia.

"Ngoja. Kuna jingine. Mimi nikienda, jembe lisilale. Msinikalie matanga. Nalisema mbele ya mgeni huyu, asije mtu wa kwetu kesho akakwambia kwamba Gaspari hakusema."

"Shemeji, hilo usiliseme."

"Nimeshalisema."

Ile mashine ya pumzi ikafoka tena, na sauti ya yule muuguzi ikatuomba radhi kwa Kiingereza, na simu ikakatika. Tulikunywa soda zetu. Sikumbuki kama ilikuwa tamu. Mama Ornella alienda ukutani, akaondoa gunia, akainua jembe moja akalisimamisha. Jua lilikuwa limeshazama, akasema ataanza asubuhi.

Usiku ule nililala kidogo sana. Niliogopa mambo mawili. Niliogopa nikifika nikute hajalima, na niliogopa habari ya Durban. Ijumaa nilitoka nyumbani kabla ya magari kuanza kupanga foleni kwenye robot, zile taa za barabarani za Jules Street.

Nilipiga honi, hakuna aliyekuja. Nikachungulia juu ya geti. Walikuwa shambani wote wawili, Ornella na sare yake ya kazi chini ya koti la baba yake. Vishona nguo vilikuwa vimeng'olewa, vimerundikwa. Matuta yalikuwa yamepangwa sawasawa, udongo mweusi, unatoa mvuke kwenye baridi. Nilifurahi sana hata nikavunja kanuni yangu, nikafungua geti la watu kwa mkono wangu.

Nilipomkaribia Mama Ornella nikaona uso wake umelowa.

"Amekwenda alfajiri," alisema, na hakuacha kulima.

Nilinyoosha mkono nimshikie jembe, nimwambie akae kidogo.

"Usinisimamishe, Mama Riziki. Nikisimama sitaanza tena."

"Alikuachia ruhusa. Niliisikia kwa masikio yangu."

"Najua. Lakini naogopa." Alipiga udongo, akainua kichwa akamtazama binti yake kwenye tuta la mbali, akapiga tena. "Kila nikipiga jembe naogopa. Namtazama kama bado amesimama."

Sikumbishia. Nilitoa tableti kwa vidole vilivyokufa ganzi. Je, shamba linalimwa? Ndiyo. Ikataka picha. Nikamwomba aniangalie, na kwa mara ya kwanza alisimama, jembe mkononi, lakini katika picha ile macho yake hayako kwangu, yamepita bega langu kwenda alipo mtoto. Bwana Mokoena aliitazama baadaye kwa muda mrefu na hakuuliza kitu. Vocha ilitoka, mbegu na mbolea zilichukuliwa, vitunguu vilikuja kuuzwa hapa chini ya dirisha langu, na mwenye ardhi alipata kodi yake. Hayo ni ya ofisi. Mimi nawaeleza ya shambani.

Nilibonyeza Tuma. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, kisha kakapotea.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia."

"Hakuna anayeweza kuirudisha?"

"Hakuna."

Aliitikia kwa kichwa. "Alisema jembe lisilale," akasema. "Hakusema nisilie."

Akainama akaendelea kulima, na sasa analia kwa sauti, kilio cha kwao, kile wanachopiga uani watu wakiwa wamejaa. Pale hapakuwa na watu, tulikuwa sisi watatu tu. Ornella alisikia. Aliliacha tuta lake nusu, akavuka shamba, akaja kusimama mbele ya mama yake hatua chache tu, akaanza kulima pale, mahali ambapo angeonekana bila mama yake kuinua kichwa.